Nyuma ya Kabati la Mwenye Nyumba

Nimeshaona mengi nyuma ya TV za watu. Nimekuta meno ya bandia. Nimekuta barua za mapenzi zenye jina ambalo si la mke wa nyumba ile. Siku moja nilikuta nyoka, tukatazamana, kila mmoja akaona mwenzake ndiye balaa. Kazi yangu ni kuunganisha: kompyuta kwenye TV, TV kwenye amplifaya, amplifaya kwenye spika, na vyote kwenye umeme bila mtu kufa. Ni kazi ya kupiga magoti. Mbele ya kabati watu hupiga picha. Nyuma ya kabati naingia mimi, kichwa kwanza, na huko ndiko nyumba husema kweli.

Sikufundishwa kazi hii na mtu mwenye huruma. Umeme umenirusha mara tatu, paa limenitema mara moja, na mume wangu wa kwanza aliondoka na sanduku langu la vifaa. Nililia siku mbili. Nililia sanduku.

Kwa hiyo nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu: nyumba chafu kuliko zote nilizowahi kuingia ni ile iliyokuwa inang'aa.

Nilipigiwa simu asubuhi na mwanamke nisiyemjua, na upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake kana kwamba anapiga kutoka juu ya mnazi.

"Dada fundi, samahani kwa kelele. Mimi ni dereva wa winchi, niko juu ya ghorofa la kumi na tisa. Nataka uende kwa mama yangu."

"Mama naye yuko ghorofa la ngapi? Niseme mapema, mimi na vitu virefu hatusalimiani."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Mama yake, alisema, masikio yamekufa. Alikuwa na mashine ya sikio, ikapotea, mwaka wa pili sasa. Tangu hapo kila akipiga simu nyumbani anapokea kaka yake, yeye ndiye anayemwambia mama binti amesema nini, na ndiye anayemwambia binti mama amejibu nini.

"Miaka miwili namwomba mama aje akae na mimi. Miaka miwili najibiwa, mama hataki, mama anasema usimsumbue."

"Na wewe huamini."

"Fundi, mama yangu alinifundisha baiskeli kwa kunisukuma mteremkoni. Huyo ni mtu wa kusema usinisumbue?"

Alikuwa amepeleka kompyuta kwa kaka yake. Saa tisa alasiri angekuwa na mapumziko ya nusu saa. Alitaka mama amwone kwenye TV kubwa, na zaidi ya kumwona, amsikie. "Nina swali moja tu. Akisema hapana, basi ni hapana, sitauliza tena mpaka nife. Lakini nataka alisikie kwa masikio yake, na nimsikie anajibu kwa mdomo wake."

"Na kaka yako amekubali nije?"

"Amesema amplifaya imekufa, sauti ya TV inatosha. Lakini hakuweza kunikatalia. Halafu, fundi, utasikia mkewe anamwita Mwenye Nyumba. Usicheke. Nyumba ni ya mama. Mama akija kwangu, nyumba inapangishwa, na wao watatafuta pa kukaa."

Hapo nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, na bado sijavaa viatu.

Nilifika saa saba. Sebule ilikuwa kama duka. Sofa za ngozi zilikuwa bado ndani ya nailoni yake, ukikaa zinalia kama chura aliyekanyagwa. TV ilikuwa kubwa kama mlango wa gereji, na stika ya bei haikubanduliwa, maana mgeni asije akakosea kukadiria. Kila kitu kilikuwa na kitambaa cha kufuma juu yake, na kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa kijani: rimoti ndani ya mfuko wa plastiki, mpira wa kijani, chaja, mpira wa kijani, pazia, mpira wa kijani, hata kifungu cha kalamu ambazo hakuna aliyekuwa anaandika nazo.

"Mimi ni mtunza ghala," Mwenye Nyumba aliniambia aliponiona nashangaa. Alikuwa mtu mnene wa kidevu, mwembamba wa macho. "Ghalani tunasema, kitu kisichofungwa ni kitu kilichopotea."

"Na mama yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Mwenye masikio."

Akanielekeza kwa kidevu. Koridoni, kati ya friji na mlango wa choo, bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki, mgongo umenyooka kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Mkononi alikuwa na kikombe kilichomeguka mdomo. Juu ya chai kulikuwa na nzi wawili. Mmoja alikuwa bado anaogelea.

"Kikombe chake hicho," mke akasema akipita na kitambaa cha kufutia vumbi. "Tumemtengea. Unajua tena wazee, na midomo yao."

Nilimjua mtu wa namna hiyo papo hapo. Ni wale wanaofuta meza kila saa na hawajawahi kumfutia mtu chozi.

Niliinama kwa bibi. "Shikamoo, Mama."

Alikuwa ananitazama midomo. "Marahaba, mwanangu. Sema huku kulia. La kushoto limestaafu."

"Mimi ni fundi," nikamwambia karibu na sikio, kwa sauti ya kuuza samaki. "Leo utaongea na binti yako."

"Kitinda, kitindamimba wangu?" Uso wote ukafunguka, halafu akaufunga mwenyewe, polepole, kama mtu anayefunga duka. "Usihangaike sana, mwanangu. Kaka yake ataniambia atakachosema. Yeye ndiye sikio langu. Na Kitinda ana kazi nyingi. Niliomba nikakae kwake hata mwezi mmoja tu, kaka yake akamuuliza. Akasema chumba hana."

Nikasimama wima. Niliwahi kula kitu kilichooza gizani na kukigundua nikiwa nimeshameza nusu. Ladha ilikuwa hiyo hiyo.

Fundi anayesema kabla ya kupima ni mbashiri. Nilitandaza vifaa vyangu sakafuni: bisibisi, koleo, nyaya, hedfoni zangu kubwa, maikrofoni ndogo ya kupimia. Mwenye Nyumba akaja kusimama juu yangu. Akaokota bisibisi yangu ndogo, ile nyembamba ya skrubu za kompyuta, niliyokaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume yeyote. Akaitazama. Akaiingiza sikioni mwake, akachokonoa huku jicho moja limefumba kwa raha, akaitoa, akatazama alichovuna, akakinusa, akaipangusa nusunusu kwenye suruali, akanirudishia.

"Vifaa vizuri," akasema.

Nikaipokea kwa vidole viwili. Ilikuwa na joto. Nikaiweka mezani, mbali na wenzake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kompyuta niliiunganisha na TV kwa waya mmoja wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti pamoja. Picha ikaja mara moja. Sauti ikabaki kwenye kompyuta, kama kawaida yake, maana sauti ni kama kuku, ukihamisha nyumba lazima uishike mwenyewe uipeleke. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaichagulia njia, ikatokea kwenye TV.

"Basi!" Mwenye Nyumba akapiga kofi. "Si inasikika? Kazi imekwisha, fundi. Mimi nasikia vizuri sana."

"Wewe hupokei kazi hii, kaka."

"Nani anapokea basi?"

"Mimi nina kanuni. Katika kila nyumba, mwenye sikio bovu kuliko wote ndiye anayepokea kazi. Asiposikia yeye, sijafanya kitu."

"Mama hasikii hata bunduki."

"Basi tutaanza na bunduki, tupande taratibu."

Mke akacheka, akatazamwa, akaacha.

Nikavuta kabati kutoka ukutani. Jamani.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, walisema waliotutangulia. Hawakujua kuna TV, wangeongeza kwamba uzunguke na nyuma. Harufu ndiyo iliyotoka kwanza, ikanipokea kama shangazi, kwa kunikumbatia uso mzima. Kulikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta mpaka limekuwa blanketi. Kulikuwa na mavi ya panya, ya zamani na ya leo. Kulikuwa na mfupa wa kuku uliotafunwa, ganda la ndizi lililogeuka ngozi, soksi moja, nywele za kutosha kumsuka mtu, na soda iliyomwagika enzi na enzi ikawa gundi, na kwenye gundi hiyo mende wamekwama wakafa wakiwa wamesimama. Mbele yake kuna kitambaa cheupe cha kufuma. Ule mstari kati ya kitambaa na uvundo ulikuwa wa upana wa kidole.

"Huko tunafagia kila wiki," mke akasema kutoka mbali.

Amplifaya ilikuwa chini kabisa, kubwa, nzuri, ya zamani, ya marehemu baba yao. Nilifungua kifuniko. Usiku ulitoka ndani yake ukakimbia kwa miguu. Mende wanapenda amplifaya, kuna joto na hakuna anayewasumbua. Walikuwa wametaga kila kona, vile vijimfuko vya kahawia vimepangwa kama maharage kwenye ghala la mtunza ghala. Wawili walipanda mkono wangu. Mmoja aliingia kwenye mkono wa shati akapita kwapani, na mimi, ambaye nimerushwa na umeme mara tatu bila kupiga yowe, nilipiga yowe.

"Nilikwambia imekufa," Mwenye Nyumba akasema, hakusogea hata hatua.

Haikuwa imekufa. Nilipuliza, nikafuta kwa spiriti, nikakagua. Fyuzi yake haikuungua. Haikuwepo. Fyuzi haitoki yenyewe ikaenda matembezi; mtu aliifungua, akaitoa, akafunga tena. Nina fyuzi mfukoni siku zote. Nikaiweka, nikawasha, taa nyekundu ikaamka.

Nikamwona Mwenye Nyumba anaitazama ile taa kama mtu aliyeona marehemu akipiga chafya.

Nikafuata waya mpaka kwenye spika. Ya kulia panya walishakula utando wake wote, hiyo tuliizika. Ya kushoto ilikuwa nzima lakini inagonga, ikipiga inatoa sauti ya jiwe ndani ya debe. Kwa nyuma spika kubwa huwa na tundu la mviringo la kupumulia besi. Nikaingiza mkono mpaka kiwikoni, kwenye kitu laini chenye unyevu nisichotaka kukijua, nikapapasa, nikapata kifurushi.

Karatasi ya chooni, juu yake nailoni, ukubwa wa dole gumba. Kimefungwa mara tatu kwa mpira wa kijani.

Nilikifungua nikiwa bado nimejikunyata nyuma ya kabati, wao hawanioni. Ndani kulikuwa na mashine ya sikio. Betri ilikuwa imeoza ikatoa ukoga wa kijani, na mende alikuwa amepenya akataga kwenye kile kitundu ambacho sauti ya mtoto ilikuwa ipitie kwenda kwa mama yake. Haikuwa ya kutengenezeka.

Nimekutana na panya wa kila aina. Nimekutana na panya waliokula sabuni, waliokula mkanda wa kiti, waliokula cheti cha ndoa. Sijawahi kukutana na panya anayefunga mpira.

Nilikifunga tena kama kilivyokuwa, nikakitia mfukoni. Nikakaa pale chini kidogo, na mende, na mfupa wa kuku. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona huku nyuma ndiko kusafi. Mende hajawahi kumwambia mende mwenzake kwamba mwanao hana chumba.

Saa nane ilikuwa imepita. Nilichomeka amplifaya kwenye TV kwa nyaya za nyekundu na nyeupe, ikaanza kunguruma kama nzi ndani ya chupa. Kosa la zamani, TV imechomekwa ukuta huu na amplifaya ukuta ule. Nikavichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kimya. Spika niliichomoa nikaiacha. Kwa sikio la bibi nilitaka kitu cha karibu zaidi. Nikafuta hedfoni zangu, nikazichomeka kwenye amplifaya, na maikrofoni yangu nikaichomeka pembeni yake, pale ambapo amplifaya za zamani zilikuwa na tundu la waimbaji. Hivyo ningeweza kuongea na bibi bila kupiga kelele za sokoni.

Nikamshika mkono, nikamleta sebuleni, nikamkalisha kwenye sofa. Nailoni ikalia.

"Hiyo ni sofa ya wageni!" mke akaruka.

"Waya haufiki koridoni, shemeji," nikasema. Waya ulikuwa wa mita sita. Ungefika mpaka chooni ukarudi.

Nikamvika bibi hedfoni. Zilimmeza kichwa. Nikaongeza sauti kidogo kidogo, halafu nikanong'ona kwenye maikrofoni, huku nimempa mgongo asinisome midomo: "Mama. Unanisikia?"

Bibi aliruka, chai ikamwagika, nzi wakaokoka.

"Usipige kelele!" akaniambia.

Nikashusha sauti. Nimesifiwa na wenye maduka, nimesifiwa na shekhe na padri siku moja. Hakuna sifa iliyowahi kunipata kama kukemewa na bibi yule.

"Nini tena?" Mwenye Nyumba akauliza kutoka mlangoni. "Kasikia?"

"Bado napima," nikasema.

Hapo sasa. Ningeweza kukitoa kile kifurushi nikakiweka mezani. Lakini ningekuwa mgeni mwenye maneno, na yeye ni mwana. Mama hukataa kwanza kumsadiki mgeni. Niliinama kwenye maikrofoni nikamwambia bibi polepole, "Mama, nakwenda kunawa. Wewe tulia tu." Nikailaza maikrofoni mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya makochi mawili. Niliiacha wazi. Asiniulize mtu kama nilisahau.

Sababu nilishaiona tangu niingie. Watu wale walikuwa wamezoea. Miaka miwili walikuwa wanamsema bibi mbele ya uso wake kwa sauti nzima, kama watu wanavyolisema kabati. Hata ukiwaambia leo anasikia, ulimi ulishajua njia yake.

Nilifungua bomba la choo kidogo tu. Mlango nikauacha.

"Sasa akimuuliza?" mke alianza, nami sijapaka hata sabuni.

"Aulize. Mimi nitawasilisha. Kwani leo ni mara ya kwanza?"

"Naogopa huyu fundi."

"Fundi ni wa nyaya. Mama nitamwambia Kitinda anasalimia, ana kazi. Kitinda nitamwambia mama anasema hapana. Watapungiana mikono kwenye TV, roho zitatulia, tumemaliza."

"Hebu mwone alivyokaa na hivyo vikombe masikioni. Kama rubani." Wakacheka wote wawili. "Sofa ile nitaifuta na dawa. Mtu ananuka uzee."

"Vumilia, mke wangu. Mwenyewe ndiyo huyo anaisha. Nyumba haina haraka."

Nilinawa. Nilinawa mikono, nikanawa uso, nikanawa shingo, na bado nikahisi kitu kinatembea. La kuvunda halina ubani, na sabuni pia haina.

Nilipotoka bibi alikuwa amekaa vile vile. Mkono wake uliokuwa unapapasa nailoni ulikuwa umesimama. Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akainua mikono yote miwili akaziweka hedfoni vizuri, kama mtu anayeweka sawa kilemba kabla ya kuingia kwenye mkutano.

"Zinakubana, Mama?" nikamuuliza kwenye maikrofoni.

"Hazinibani," akasema. "Zinanifaa sana."

Nikaizima maikrofoni. Saa tisa kasoro dakika mbili kompyuta ikaita.

Binti alitokea ukuta mzima, kofia ngumu ya njano kichwani, nyuma yake kioo cha winchi na mawingu. Alikuwa amepaka mdomo rangi kidogo. Nadhani alijipaka huko huko juu.

"Mama," akasema. Akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, nina swali. Nimepata nyumba ya vyumba viwili. Kimoja nimekipaka rangi ile ya mlango wetu wa zamani. Unataka kuja kukaa na mimi? Ukisema hapana sitakuuliza tena."

Mwenye Nyumba alishafika. Akapiga magoti kwenye sikio la kulia la mama yake, juu ya hedfoni, na sasa ndipo nilipoona mazoea yanavyoweza kumtawala mtu. Simuni, bila shaka, kila alipotaka kumgeuzia mama maneno, alikuwa anaziba simu kwa kiganja ili Kitinda asisikie. Leo hakukuwa na simu. Mkono wake ukatafuta wenyewe, ukaokota rimoti ndani ya mfuko wake wa plastiki, na kiganja kikaiziba rimoti barabara.

"ANAKUSALIMIA!" akapiga kelele. "ANASEMA ANA KAZI NYINGI!"

Kwenye TV binti akafumbua mdomo. Kompyuta ilikuwa na maikrofoni yake yenyewe, na yenyewe haikuzibwa na mtu.

"Amesemaje?" bibi akauliza, mpole kama maziwa. "Rudia, baba. Sikushika vizuri."

Rimoti ikazibwa kwa viganja viwili. "ANASEMA CHUMBA HANA! WINCHI INAMCHOSHA! UMWOMBEE!"

"Aa. Chumba hana."

"HANA KABISA!"

"Na kile alichokipaka rangi ya mlango wetu, anamwekea nani?"

Sijui kama mmewahi kusikia nailoni ya sofa ikinyamaza. Mke alishika kitambaa chake cha vumbi kifuani. Mwenye Nyumba alimtazama mama yake, akazitazama zile hedfoni, akaufuata waya kwa macho taratibu, kutoka kwenye sofa mpaka nyuma ya kabati, mpaka kwenye ile taa nyekundu. Mende mmoja mkubwa alitoka kwenye amplifaya, akapita juu ya kitambaa cheupe bila haraka, akaenda kusimama kwenye stika ya bei.

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Nimesikia ulivyokuwa. Nimesikia na sofa yako, na dawa yako, na ninavyoisha." Sauti haikupanda. "Nilikunyonyesha miaka miwili. Umenirudishia miaka miwili. Tumelipana."

Nikakitoa kifurushi mfukoni, nikakiweka mapajani kwake. "Hiki kilikuwa ndani ya spika, Mama. Sijakiongeza kitu."

Akakifungua kwa vidole vya polepole. Aliikunjua nailoni, akaikunjua karatasi, akaiona mashine yake, na ukoga, na vijimfuko vya mende. Hakuitazama sana. Alitazama mpira wa kijani. Akauvuta, akauachia, ukalia.

"Panya hao!" mke akasema haraka. "Nyumba hii ina panya, Mama, haki ya Mungu!"

"Inao," bibi akasema. "Wanafunga mpira."

Akaviweka vyote mkononi mwa mwanawe, akavikunja vidole vyake juu yake, kama anavyopewa mtoto nauli. "Wewe si ndiye unayesema kisichofungwa kimepotea? Kaa nacho."

Kisha akageukia TV. Binti alikuwa ameegemea kioo cha winchi, kofia imemshuka machoni, mabega yanatikisika.

"Kitinda. Acha kulia, utaangusha tofali za watu."

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia mpaka upepo. Niulize tena, mwanangu."

"Nini, Mama?"

"Lile swali. La kwanza nimelisikia na kelele za huyu. Niulize tena, taratibu."

Binti akauliza tena. Bibi alifumba macho, hedfoni zimeshikwa kwa mikono miwili, akalisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayenywa maji baada ya safari. Alipomaliza akasema aulizwe mara ya tatu. Ya nne ndiyo aliyoijibu.

"Nakuja. Njoo unichukue Jumamosi. Na kikombe nitanunua huko huko."

Nilikusanya vifaa vyangu. Hedfoni nilimwachia, nikamwambia binti yake bei yake tutajua mbele ya safari. Mwenye Nyumba alikuwa bado amepiga magoti, kifurushi mkono huu, rimoti mkono ule, anaitazama amplifaya kana kwamba ingemtetea.

Nimezoea kuhesabu vifaa vyangu mlangoni. Tangu yule mume, siondoki nyumba ya mtu bila kuhesabu. Bisibisi kubwa ipo, koleo lipo, nyaya zipo. Kile kibisibisi kidogo kilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, kimelala na nta yake ya njano kwenye ncha. Nikakitazama.

Nikamwachia. Masikio anayo mazima mawili, ajichokonoe.